Sio bando, ni hewa: niliyowaambia mafundi wa waifai

Hii niliiongea jumamosi kwenye kikao chetu cha mafundi hapa Moro. Kuna waliokuwa site wakaomba niiandike, nimeiandika kama ilivyonitoka mdomoni.

Wadau habari za mchana. Nashukuru kwa chai na chapati, na niwaombe radhi mapema maana mimi sio mtu wa jukwaani, nimezoea kuongea nikiwa juu ya ngazi na kebo mdomoni. Nimeambiwa niongelee namna ya kufunga waifai ya redio nyingi kwa watu wengi, redio hapa ni kile kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi ya waifai, zile hotispoti za vocha ambazo nusu yenu humu mmeshafunga au mnataka kufunga, na nusu nyingine mmeshatukanwa na wateja kwa ajili yake. Mimi nimetukanwa sana kwa hiyo nadhani ndio sababu nimeitwa.

Naanza na kisa changu. Mwaka juzi nilipewa kazi ya hosteli ya wanafunzi, majengo mawili ya ghorofa tatu tatu, vijana kama 180. Mwenye hosteli ni mama mtu mzima, akaniambia mwanangu mimi hayo mambo ya mitandao siyajui, ninachotaka watoto wasinihamie kwa jirani. Jirani alikuwa na waifai. Basi mimi kwa ujuaji wangu nikaenda kununua rauta moja kubwa, ile yenye antena nane kama buibui aliyekufa kalala chali, nikaitundika korido ya katikati, nikaweka na ripita mbili, faiba ya mega 20, vocha za jero na za buku nikazichapa. Mchana nikapima, mambo moto. Nikapiga picha nikaweka na status kabisa.

Saa mbili usiku simu zikaanza. Fundi, mtandao umejaa ila haufunguki. Hiyo sentensi naomba muishike, mtandao umejaa ila haufunguki, yaani vijiti vimejaa ila kitu hakifunguki, maana ndio ugonjwa wenyewe umesemwa na mgonjwa. Mimi nikaelewa vibaya, nikamwambia mama bando ni dogo, akalipia mega 50. Hali ile ile. Siku ya tatu saa tatu na nusu usiku nikaenda mwenyewe, nikakaa chini ya ngazi na laptopu, nikachomeka kebo moja kwa moja kwenye rauta, nikapima: mega 46. Nikachomoa kebo nikakonekti kwa waifai, nimekaa hatua mbili tu kutoka kwenye rauta ile ile, nikapima: mega moja na nukta. Nikarudia, hivyo hivyo. Yaani mega 46 zimekaa bure kwenye kebo na vijana 180 juu yangu wanalia njaa, na mimi nimemlipisha mama wa watu mega 30 za ziada zisizofika popote.

Hapo ndio nikajua kwamba mimi kazi yangu sio kuuza intaneti, kazi yangu ni kugawa hewa.

Sikilizeni. Redio moja ya waifai kwenye chaneli moja inaongea na simu moja kwa wakati mmoja. Haijalishi umeandikiwa gigabiti ngapi kwenye boksi. Ni kama pale kijiweni kukiwa na kaka mmoja anasimulia, wengine wote mnasubiri amalize ndio na wewe uingie, na wawili wakianza kwa pamoja hakuna aliyesikika, wote wanarudia. Ndio maana simu inasikiliza kwanza kama hewa ni tupu ndipo inaongea. Watu watano, raha. Watu 60 kwenye redio moja, muda mwingi unaishia kwenye kusubiriana na kurudia. Na kibaya zaidi simu ya mwisho wa korido na ile ya mwanzo wa korido zimo kwenye mazungumzo mamoja lakini hazisikiani zenyewe kwa zenyewe, kila moja inaona kimya, zinaongea pamoja, zinagongana kwenye rauta. Waifai 6 imekuja na namna ya kuhudumia simu kadhaa kwa mpigo mmoja, sawa, lakini nenda hosteli kaangalie simu za watoto, wangapi wana waifai 6? Pangia simu walizonazo.

Halafu kuna jambo la simu ya mbali, na hili mafundi wengi hawalijui. Simu ikiwa mbali redio inashusha spidi ili isikike. Chukua simu mbili, zote zinataka kitu cha megabaiti moja, ya karibu inavuta kwa mega 150 na ya mbali kwa mega 6. Ya mbali itakaa kwenye hewa mara 25 ya ile ya karibu, kwa kazi ile ile! Na muda huo wote hakuna mwingine anayeongea. Kwa hiyo yule kijana wa chumba cha mwisho kabisa ambaye vijiti vyake ni kimoja na anakushukuru fundi hata kwangu inafika, ndiye anayewamaliza wenzake 30. Antena kubwa kufika mbali ni sifa kwa shamba, kwa hosteli ni maradhi.

Na ripita je? Ile ripita ya redio moja inasikia neno kutoka kwenye rauta halafu inalirudia neno lile lile kwa simu, kwenye chaneli ile ile. Kila kitu kinasemwa mara mbili. Ukiruka mara moja umebaki na nusu, ukiruka mara mbili umebaki na robo au chini yake. Mimi nilikuwa nazo mbili zimefuatana. Nacheka sasa hivi ila siku ile sikucheka.

Sasa dawa. Dawa ni redio nyingi, ndogo, zenye sauti ya chini, kila moja kwenye chaneli yake, na kila moja imefungwa kwa kebo. Nilivyomwambia mama nataka masanduku 12 ya kurushia waifai aliniangalia kama naomba posa, akasema mwanangu kimoja kimekushinda utaweza 12? Nikamchorea kwenye nyuma ya risiti. Kila ghorofa masanduku mawili, ghorofa sita, 12, vijana 15 kwa kila sanduku. Na kila sanduku lina redio mbili ndani, moja ya gigahezi 2.4 na moja ya gigahezi 5.

Masafa ya 2.4 yana chaneli 13 kwenye karatasi lakini zimepishana kwa megahezi 5 tu wakati kila chaneli ina upana wa 20, kwa hiyo zisizogusana ni tatu, 1, 6 na 11. Naomba msiwe wajanja wa kuweka 3 kwa sababu mmeona 1 na 6 zimejaa, ukiweka 3 unawaharibia wa 1 na wa 6 na wao wanakuharibia wewe. Kwenye 1 mkikutana mnasikilizana mnapokezana, kwenye 3 wewe ni kelele tu. Na kwa kuwa nafasi ni tatu, masanduku sita kwenye jengo moja huwezi kuwasha 2.4 zote. Nilizizima nusu. Zima, usiogope! Fundi wangu msaidizi aliniuliza kaka tumelipia redio halafu tunaizima? Ndio, tunaizima, ikibaki imewashwa inatuharibia na zile nyingine tulizolipia.

Kazi yenyewe ipo 5. Kule zipo 36, 40, 44, 48, halafu unaruka mpaka 149 na kuendelea, za katikati hapo ni zile ambazo redio lazima isikilize rada kwanza, dakika nzima kimya kabla haijaongea, na ikisikia rada katikati ya kazi inahama na wateja wanadondoka. Mimi nimezikwepa. Na upana weka 20. Najua sanduku linakwambia 80, linakwambia 160, hiyo ni kwa mtu mmoja na tivii yake sebuleni. Ukiweka 80 umechukua chaneli nne ukampa mtu mmoja barabara ya njia nne wakati wengine wamejazana kwenye vumbi.

Sauti ishushe, yaani nguvu ya redio kurusha. Redio ya ukutani inaweza kupiga kelele mpaka barabarani, simu haiwezi kujibu kwa kelele hiyo. Ndio ule mtandao umejaa ila haufunguki: simu inaisikia redio vizuri, redio haiisikii simu. Mimi 5 naiacha kwenye desibeli 17, ambayo ni kama miliwati 50, na 2.4 naishusha mpaka 11 au chini ya hapo maana yenyewe inapenya kuta zaidi. Halafu kuna jambo moja ambalo nalisema kwa uchungu, msichague nchi nyingine kwenye mipangilio ili redio iongeze nguvu. Kuna vijana nawajua rauta zao zote ziko Marekani, wao wako Kihonda hapa hapa Moro.

Spidi za chini zifunge, za mega 1 na 2 na 5.5 ni za tangu 1997 na 1999, hakuna simu hosteli inayozihitaji. Mimi naanzia 12. Kuna faida ya pili hapo, kila jina la waifai linajitangaza hewani kama mara 10 kwa sekunde, na linajitangaza kwa spidi ya chini uliyoruhusu. Ukiwa na majina manne, la wanafunzi, la wageni, la mama, la kamera, halafu spidi ya chini ni 1, unakula hewa kabla mtu hata mmoja hajafungua WhatsApp. Majina mawili yanatosha.

Na wapi pa kuweka sanduku? Sio korido! Korido ni bomba, mawimbi yanatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, masanduku yote yanasikiana na yakisikiana yanasubiriana. Ingia chumbani, acha ukuta ufanye kazi yake. Ukuta ambao miaka yote tunaulaumu, hapa ni rafiki. Mimi niliweka kwa kupishana, ghorofa ya chini kushoto, ya juu yake kulia. Na juu ya vichwa vya watu, binadamu ni mfuko wa maji, wakijaa sebuleni kuangalia mechi wananyonya mawimbi kama sifongo. Kuhusu kuhama kutoka sanduku moja kwenda jingine, anayeamua ni simu yenyewe, na simu nyingine zina mapenzi ya kung'ang'ania, zinapanda ghorofa ya tatu bado zimeshika sanduku la chini. Ukishusha sauti na ukifunga spidi za chini zinaachia zenyewe.

Kebo sasa. Mita 100 usizidishe kutoka swichi, kile kigawio cha kebo za mtandao, hadi sanduku. Tumia swichi inayopeleka umeme kwenye kebo hiyo hiyo, ila soma kama ni ule wa kiwango ambao swichi inauliza kwanza ndio inatoa, au ni ule wa volti 24 unaomwaga tu bila kuuliza. Nimeshachoma kitu cha mtu kwa huo wa pili, tuendelee.

Jengo la pili liko ng'ambo ya barabara, kama mita 300, huwezi kupitisha kebo. Hapo ndio redio za aina nyingine zinaingia, madishi mawili yanatazamana juu ya paa, kazi yao ni kuongea wao kwa wao tu, mteja hagusi. Hii ndio maana nasema redio nyingi, ya kuhudumia watu iwe yake na ya kubeba mzigo iwe yake. Nilifunga mwezi wa tisa, jua kali, mega 200 bila jasho. Mwezi wa tatu mvua zimeanza, jengo la pili linakata kila jioni. Nikapanda juu, nikatazama, dishi la kule naliona, sasa shida nini? Katikati kulikuwa na mwarobaini, haujaziba, uko chini ya mstari kwa kama mita moja hivi. Kumbe wimbi halipiti kama uzi, linapita kama yai refu lililolala, na kwa mita 300 kwenye masafa ya 5.8 tumbo la hilo yai katikati linashuka karibu mita 2 chini ya mstari. Mwarobaini ulikuwa umeingiza kichwa tumboni, na majani yakilowa yanakunywa mawimbi. Mama hakutaka ukatwe, anachemshia wajukuu dawa. Tukainua bomba la dishi mita mbili, ikaisha.

Kosa jingine la juu ya paa. Nilikuwa na redio ya wageni wa uwanjani kwenye bomba lile lile la dishi, zimebanana kama sentimita 30, moja 157 na nyingine 153. Kila moja ikiwa peke yake, safi. Zikiwashwa zote, vilio. Redio inayotuma inaiziba masikio iliyo jirani hata kama chaneli sio ile ile, ni kama mtu anakunong'oneza jambo huku mwingine anapuliza tarumbeta sikioni mwako, tarumbeta haisemi maneno yale lakini wewe husikii kitu. Nikaishusha ya uwanjani mita moja na nusu, nikaipeleka 36, dishi likabaki huko juu, 153 nikaiacha tupu kama uzio.

Haya mambo sio yetu peke yetu. Kule Katalunya, Uhispania, wanakijiji walianza kuungana hivi hivi juu ya mapaa mwaka 2004, makampuni yalikuwa hayapeleki intaneti mashambani, mtandao wao unaitwa Guifi na leo una makumi ya maelfu ya vituo. Na hapo Kibera Nairobi wapo TunapandaNET wameunganisha shule na vituo vya vijana kwa madishi kama haya haya yetu. Mwarobaini sijui kama walikutana nao.

Sasa upande wa rauta na vocha, nitaenda haraka ila kuna sehemu moja nitakaa. Anwani, zile namba ambazo rauta inakipa kila kifaa kikiingia. Mtandao wa kawaida una anwani 254. Mimi nikajisemea vijana 180, zinabaki. Wikiendi ya mahafali, wageni wamekuja, simu zinazunguka tu, inapata anwani, inapata anwani, haipati. Nikahesabu: kila kijana ana simu na laptopu, tayari 360. Halafu simu za siku hizi, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinajificha, zinatumia namba ya kifaa ya kubuni badala ya ile halisi ya kiwandani (MAC, sio namba ya kupigia), ukisahau mtandao ukarudi, nyingine zinakuja kama mtu mpya. Na mimi nilikuwa nimetoa anwani ya kukaa siku tatu. Kwa hiyo nusu ya anwani zilishikwa na mizimu. Nikapanua mtandao ukawa na anwani 1022 na muda wa kushika nikaushusha saa moja. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kujificha, usifunge vocha kwenye hiyo namba ya kiwandani ya kifaa, mteja atakuja juu amelipa buku asubuhi na mchana anaambiwa hatambuliki. Ifunge kwenye vocha yenyewe, mwache aingize tena, ila vifaa viwili mwisho.

Washa kile kitufe cha kuzuia simu kuonana zenyewe kwa zenyewe. Ni usalama, na kinapunguza makelele hewani. Kama unakubali malipo kwa simu hakikisha ukurasa wa kulipia unafunguka kabla mtu hajalipa, msicheke, nimemkuta fundi mzima amemfungia mteja nje na hela yake mkononi.

Foleni pia. Usigawe mega 50 kwa 180 ukampa kila mtu robo mega, utawapa wote shida sawasawa. Sio wote wako hewani sekunde moja. Mimi kila mmoja nampa mpaka mega 4, halafu kwenye rauta naweka foleni ya haki, kwenye RouterOS 7, ile programu ya rauta za MikroTik, ipo inaitwa CAKE, na ipo fq_codel, ambazo zinahakikisha anayepakua gemu hakai mbele ya anayetuma meseji. Na kupandisha msikusahau. Usiku simu zote zinapandisha picha kwenye hifadhi huko mawinguni, upande wa kupanda ukijaa na kushuka kunakufa, watu wanalaumu bando.

Umeme, nimefanya hesabu ya jengo moja: masanduku sita, swichi, rauta na dishi ni kama wati 70. Masaa nane ni wati-saa 560. Betri ya volti 12 ya ampia 100 ni 1200, ila hizi za maji usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo 600. Betri moja kwa jengo inakuvusha usiku. Dishi la paani lifungie waya wa ardhi, radi za huku Uluguru mnazijua.

Na mwisho lile ambalo hamlipendi, nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkaulize leseni kabla hamjauza vocha, na msome mkataba wa faiba yenu, kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakiruhusiwi kuuzwa. Mtunze na kumbukumbu ya nani alishika anwani gani saa ngapi, siku mtu akitapeli kwa kutumia mtandao wako wanayemfuata kwanza ni wewe.

Mama wa hosteli? Alishuka mpaka mega 30, hata 50 hakuzihitaji, vijana hawajui. Jirani juzi kanipigia ananiuliza nilitumia antena ya aina gani.

Haya, kaka wa nyuma hapo, umenyoosha mkono tangu nilipotaja vocha, uliza.